Dole Gumba la Mwenyekiti

Mkataba tuliuandika kwenye daftari la kikoba, sebuleni kwangu, mbele ya sinia la kashata. Wazazi wa kaya tisa za mtaa wetu hapa Tabata tulikubaliana: mtoto hapewi simu janja mpaka amalize kidato cha nne. Anayetaka kumpigia mwanawe akiwa tuisheni amnunulie kitochi. Atakayevunja, faini shilingi 20,000. Uenyekiti nikapewa mimi, maana ndimi niliyewasimulia habari za Greystones, mji mdogo wa Ireland, ambako mwaka 2023 wazazi wa shule nane za msingi walikubaliana kutowapa watoto simu hizo mpaka waingie sekondari. Nilisimulia kwa madoido hadi mama Salma akauliza niliishi huko miaka mingapi.

Hoja yetu ilikuwa nyepesi. Mtoto hakushindi kwa haja ya simu. Anakushinda kwa "wenzangu wote wanazo". Wenzake wasipokuwa nazo, atamtaja nani? Na kweli, miezi miwili rede na kombolela zilirudi uwanjani.

Tulisahau simu zetu wenyewe. Yangu nilikuwa nalala nayo kifuani kama hirizi. Usiku mmoja, saa sita, binti yangu wa darasa la sita akaja kwa kunyata, akainua chandarua, akalishika dole gumba langu, akalifuta mafuta ya mihogo kwa upindo wa shuka, akaligandamiza panapohusika. Simu ikafunguka, mimi nakoroma. Angeishia kwenye magemu, hadi leo nisingejua. Lakini shetani akampitia, akanirekodi: mdomo wazi, kanga ya mke wangu kiunoni, sauti kama lori linapanda Kitonga. Akaniweka stetasi.

Alfajiri wenzangu wote walikuwa wameshaniona. Mama Salma aliandika: "Pole kwa mafua, mwenyekiti. Kamera kashika nani?" Mke wangu alicheka hadi chapati ikaungua.

Kikao kiliitishwa jioni ile ile. Nikajitetea kwamba simu sikumpa mtoto, aliichukua mwenyewe.

"Dole ni la nani?" akauliza mama Salma.

"Langu."

"Basi."

Siku hizi simu yangu inalala ndani ya hotpoti, kabatini, kuanzia saa tatu usiku. Binti ndiye anayeipeleka, ufunguo anao mama yake. Faini nimelipa, taslimu.