Kosa Limesharekebishwa

Jumamosi asubuhi niliandika nywila, skrini ikapepesa, ikanirudisha palepale pa kuandika nywila. Nikarudia polepole, herufi moja moja, kama mzee kwenye mashine ya benki huku foleni inaguna nyuma yake. Ikanirudisha tena. Nywila haikuwa na kosa. Ingekuwa nalo, Ubuntu ingenikemea. Kumbe diski ilikuwa imejaa pomoni, na kompyuta kabla ya kukukaribisha ndani hutaka kuandika vifaili vyake viwili vitatu. Haikuwa na pa kuviandika.

Nikabonyeza Ctrl, Alt na F3, nikaletewa skrini nyeusi isiyo na picha wala huruma. Amri ya df -h ikasema asilimia 100. Nikaanza kuandika jina la folda, nikagusa Tab inimalizie kama siku zote. Ikaporomosha mstari mrefu wa lawama: haiwezi kuunda faili la muda, hakuna nafasi. Yaani hata kunimalizia neno "Video" kunataka nafasi!

Basi ushujaa ukanipanda. Nikapiga apt clean, nikang'oa kernel za zamani, kisha nikaingia folda ya Video na rm mkononi, nikafyeka kila lenye jina refu la tarakimu. Nikapata gigabaiti 5. Nikaingia, nikajisifu mbele ya familia, nikalala.

Jumapili asubuhi, asilimia 100.

Nikampigia mpwa wangu.

"Shikamoo, mjomba. Umeangalia /var/log?"

"Marahaba. Nimefuta video."

"Mjomba, nimeuliza /var/log."

Humo nilimkuta syslog, gigabaiti 30, na kern.log naye 30. Diski yenyewe ni ya 120. Nikasoma mistari ya mwisho ya syslog: kosa limetokea kwenye PCIe, ila limesharekebishwa. Mstari mwingine: limesharekebishwa. Mamia ya mistari kila sekunde, wiki nzima, kunitoa wasiwasi, na kern.log imenakili yaleyale, isije ikawa sikusikia.

Nikafuta yote mawili kwa hasira. Nikapiga df -h. Asilimia 100.

"Mjomba, rsyslog bado imeyashikilia hayo mafaili," kijana akasema, akijikaza asicheke. "Umemfuta mpangaji kwenye daftari, lakini mwenyewe bado kalala chumbani. Iwashe upya."

Nikaiwasha upya. Gigabaiti 60 zikarudi kwa mpigo. Akanielekeza kuongeza pci=noaer kwenye mipangilio ya GRUB, maana yake: kama umesharekebisha, nyamaza. Kadi ya Wi-Fi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikilalama, inafanya kazi mpaka leo bila kusema neno.

Jioni mama watoto akachungulia. "Hivi ile video ya kichen pati ya mdogo wangu iko wapi? Wageni wanataka kuiona."

Nikamwambia ipo kwenye kikapu cha takataka, dakika moja tu naitoa. Nikakifungua. Cheupe pee. Ndipo nikakumbuka kwamba kinachofutwa kwa rm hakipitii kikapuni.