Nasi Wanaume Tupewe Haki ya Kulia Saa Moja na Nusu

Kwa Wakuu wa Vipindi,
Televisheni zote za humu nchini.
Nakala: Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

MINTARAFU: KUBAGULIWA KWA WANAUME KATIKA TAMTHILIA ZA JIONI

Waheshimiwa,

Mimi ni mwanamume, mtazamaji mwaminifu na mnunuzi wa tokeni za stima, nami nina malalamiko. Hebu tazameni majina. Selina, 2018. Maria, 2019. Zora, 2021. Sultana, 2022. Kila mkifungua tamthilia mpya mnaipa jina la mwanamke, mnalipamba kwa herufi za dhahabu, mnalitungia wimbo ambao hata mtoto wa chekechea anaujua. Sisi je? Otieno yuko wapi? Mutua yuko wapi? Hata Hamisi hayupo.

Zamani nasi tulikuwa na chetu. Alikuwepo Papa Shirandula, soja wa langoni aliyeaga nyumbani akiwa na suti ili mkewe Wilbroda asijue kwamba huko kazini anavaa sare ya ulinzi. Alikuwepo Inspekta Mwala, na kabla yao Mzee Ojwang wa Vitimbi. Lakini hawa, tuseme ukweli, hawakuonewa vya kutosha. Papa alidanganya, akapanga njama, akanaswa, na kesho yake akapanga nyingine; kila lililompata alilitafuta kwa mikono yake miwili. Mwala naye alipewa cheo kwenye jina lenyewe. Mwanamume wa tamthilia, Waheshimiwa, amelaaniwa kwa kazi. Lazima alinde lango, lazima akamate mtu, lazima aamue jambo. Haruhusiwi kuwa Kamau tu, akasimama kwenye mlango wa matajiri, kisha hadithi ikamjia yenyewe.

Maria aliruhusiwa. Yatima wa mtaa wa mabanda anaingia katika jumba la akina Hausa, na mle ndani yumo Luwi, kijana wa nyumba, ambaye tayari ana mchumba. Mwanzoni Maria alinitia hofu. Alikuwa mtoto wa mtaa hasa, mdomo mkali, haogopi mtu, nikasema huyu atatuharibia mpango. Kwa bahati nzuri akapenda. Kuanzia hapo wengine wakajadiliana kuhusu maisha yake, naye akabaki kupendwa, kuchukiwa na kusubiri.

Na kwa upande wa kanuni sina kosa la kuwatafutia. Mnatakiwa mfikishe asilimia 40 ya vipindi vya humu nchini, nanyi mmetii: waigizaji ni wetu, Kiswahili ni chetu, ugali ulio mezani ni wetu. Ni hadithi tu iliyotua ikiwa na pasipoti ya Mexico. Huko, mwaka 1979, Verónica Castro aliigiza Mariana, msichana maskini aliyepokewa katika nyumba ya tajiri, na kijana wa nyumba hiyo, Luis Alberto, akampenda. Ilipotufikia kwa jina la The Rich Also Cry, sufuria nyingi ziliungua nchini. Miaka 40 baada ya 1979 Mariana ni Maria, na Luis Alberto ni Luwi. Hata kwenye herufi mmebana matumizi.

Niwashukuru pia kwa kutukinga na gharama. Mwaka 2021 Sarah Hassan alikuwa na majukumu mawili. Kwa waliolipia Showmax alikuwa Makena wa Crime and Justice, mpelelezi wa polisi anayefumbua kesi za jiji la Nairobi. Kwetu sisi wa antena ya paa alikuwa Zora. Mwigizaji ni yuleyule, mwaka ni uleule, ila mwenye pesa ya mwezi kapewa mwanamke mwenye pingu, na asiye nayo kapewa mwanamke mwenye kitambaa cha kufutia machozi. Mwaka uliofuata Netflix ikaleta Country Queen, ambamo Akisa wa Melissa Kiplagat anarudi kijijini kwao na kupambana na kampuni ya madini. Hiyo nayo ni ya kulipia. Mimi nimeelewa: mwanamke anayekata shauri ni bidhaa ya anasa, kama jibini.

Msinitajie Auntie Boss! ya NTV. Najua ilikuwa ya bure, najua wale wasaidizi wa nyumbani walikuwa na fitina zao wenyewe za kupanga, na Nyce Wanjeri akapata tuzo ya Afrika mwaka 2018 kwa kumwigiza mmoja wao, Shiru. Lakini ile ilikuwa vichekesho. Mwanamke akijipangia mambo yake, inafaa watu wacheke.

Basi ombi langu ni hili. Tutengenezeeni Musa.

Musa, kijana yatima, anafika Karen kuosha magari ya Bi Mkurugenzi. Siku ya kwanza amwage chai juu ya mafaili. Bi Mkurugenzi amtazame, kinanda kilie, kamera imsogelee Musa usoni mara tatu. Mchumba wa Bi Mkurugenzi amfuate hadi jikoni amzabe kofi, na kofi hilo tulione kutoka pembe tatu, ile ya mwisho polepole. Musa asirudishe. Akimbilie stoo alie kifudifudi juu ya gunia la mchele, huku shati limekaa sawa na nywele hazijavurugika. Kwenye sehemu ya 41 asukumwe ngazini apoteze kumbukumbu; kwenye sehemu ya 60 azinduke, asijijue jina, ila amkumbuke Bi Mkurugenzi. Kila anapoulizwa anataka nini maishani, afungue mdomo, nanyi mwende kwenye matangazo ya sabuni. Na mwisho kabisa, kama malipo ya uvumilivu wake, aolewe.

Mtaniambia hakuna atakayeketi jioni baada ya jioni kumtazama mwanamume asiyeamua lolote. Mtasema wenye matangazo watauliza, "Sasa huyu kijana anafanya nini hasa?" Swali zuri sana hilo. Kwa Maria liliulizwa na nani?

Kama tatizo ni mwigizaji, msihangaike. Mimi mwenyewe niko tayari kwa majaribio siku yoyote baada ya saa za kazi. Nalia bila kitunguu, naanguka ngazi hadi za ghorofa ya pili, na sina maoni kuhusu jambo lolote.

Wenu mtiifu,
Mwanamume Asiyezabwa Kofi,
Nairobi.