Usiwapelekee Wakwe Riwaya

Kitabu cha likizo lazima kiwe na kwao, na kwao pawe huko huko unakokwenda. Hii ni imani yangu, na kama imani nyingine nyingi, sadaka iliyonitoza ni kubwa kuliko baraka iliyoniletea. Mume wangu anaiita maradhi. Yeye akisafiri hununua gazeti la michezo stendi, hulimaliza kabla basi halijafika Chalinze, kisha hulala mdomo wazi hadi mwisho wa safari. Akishuka anajinyoosha na kusema nchi yetu nzuri sana.

Mimi siwezi. Tukishajua tunakwenda wapi, swali langu la kwanza si nauli wala nguo. Ni nani aliyepaandika mahali hapo. Nashuka Posta kwa wauza vitabu vya mitumba, wale wanaopanga mali yao chini kando ya njia, nao wameshanizoea. "Mama, safari hii wapi?" Nikisema Tanga, natolewa Shaaban Robert bila hata kuomba. Nikisema Singida, napewa kitabu cha ufugaji wa kuku, maana mfanyabiashara hapendi kuona mteja akiondoka mikono mitupu.

Ninachotafuta ni kidogo tu. Nataka nikipita mtaani nijue nani alilia kwenye dirisha lipi. Shida ni kwamba kitabu chenye kwao hakitulii mkobani. Kikishakanyaga kwao kinaanza kutoa amri, na wa kuzitekeleza ni wewe na pochi yako.

Unguja nilikwenda na Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1979 inayowahusu wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948. Boti kutoka Dar huchukua kama saa mbili, na bahari siku ile ilikuwa imeamka vibaya. Abiria wenzangu walikuwa wameinamia vile vifuko wanavyogawa wahudumu, mimi nimemwinamia Rashidi na magunia yake. Tulipofunga gati Malindi nilikuwa nimeshabeba mizigo ya meli nzima kwa mgongo wa mtu mwingine, na binadamu wa kwanza kunisogelea akawa mchukuzi.

Mimi kwetu Muheza. Nimekulia kwenye kuuza machungwa na kupatana bei na madereva wa malori, na sijawahi kununua hata fungu la nyanya kwa bei ya kwanza. Lakini utapatana vipi na mtu ambaye umetoka sasa hivi kusoma madhila ya babu zake?

"Shilingi ngapi, kaka?"

"Toa utachojaaliwa, mama."

Kwa mtu aliyesoma Kuli, jibu hilo ni bunduki. Nikatoa noti nyekundu. Mchukuzi akaitazama noti, akalitazama begi, akanitazama mimi kwa huruma. Mume wangu alisubiri hadi tulipofika barabarani ndipo akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Lile begi lina magurudumu." Habari zilisambaa, bila shaka, kwa sababu siku ya kurudi nilipokelewa getini kama kiongozi wa chama, na vijana watatu waligombania mkoba wangu wa mkononi, ambao ndani yake mlikuwa na kitana na kitabu chenyewe.

La Giningi, kwa upande mwingine, sikulianzisha mimi. Nilikuwa nimebeba pia Kisima cha Giningi cha Muhammed Said Abdulla, kile cha mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na mume wangu, gazeti lake likiwa limekwisha zamani, alikichungulia kwa dakika chache akaona anatosha. Giningi katika masimulizi ya Unguja ni mji wa wachawi. Yeye hakuwa amefika huko. Tulipopanda teksi ya kwenda Nungwi akajiegemeza na kuuliza, kwa utulivu wa mtu anayeulizia kituo cha mafuta, "Dereva, Giningi kutoka hapa ni mbali?"

Dereva akazima redio.

"Mzee, mimi nimeambiwa Nungwi."

"Najua. Tungepita tu mara moja, tukione kile kisima."

"Huko hakupitiwi, mzee wangu. Huko mtu huchukuliwa."

Akafungulia kisomo cha Kurani na hatukusikia kingine hadi Nungwi. Wakati wa kulipa alikataa kupokea hela kutoka mkononi mwa mume wangu. Aliniomba mimi niiweke juu ya kiti.

Watalii nao wanaumwa maradhi haya haya, tena bila mganga. Kilimanjaro hupandwa sana na watu wenye hadithi ya Hemingway mkobani, ile ya mwaka 1936 inayoanza na mzoga wa chui karibu na kilele. Mhusika mwenyewe hapandi mlima hata hatua moja. Amelala kitandani porini, mguu unaoza kwa sababu ya mchubuko wa mwiba, na anagombana na mkewe hadi anakata roho. Sasa fikiria umefika kambi ya Barafu usiku, kucha za miguu zinataka kung'oka, mwenzako hajakusemesha tangu asubuhi, na hiyo ndiyo burudani uliyokuja nayo. Ningekuwa mpagazi ningezikagua kwanza riwaya za wateja kabla ya kukagua viatu.

Kuna wakati nilijaribu kulegeza masharti, nikasema basi kitabu kilingane na chombo badala ya mahali. Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, nilipanda na riwaya ya Agatha Christie ya mauaji ndani ya Orient Express. Haikufaa kabisa. Treni ya Christie inakwama kwenye theluji, na ndipo Hercule Poirot anapata nafasi ya kuwahoji abiria mmoja mmoja. Hii yetu inakwenda kilomita 160 kwa saa. Tulipofika Morogoro maiti ilikuwa ndiyo kwanza imeonekana, na Dodoma nilishushwa muuaji hajajulikana, saa tatu na nusu hivi tu tangu tuondoke. Treni ya Poirot ilikuwa ile ya zamani ya Kigoma. Ingesimama porini usiku kucha, angehoji behewa zima hadi daraja la tatu, na bado angebakiwa na muda wa kuteremka Tabora kununua asali.

Lakini hayo yote ni mizaha ukilinganisha na Ukerewe.

Mume wangu ni wa huko, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, na kwa mtu mwenye imani kama yangu hapo ni mahali pa hatari. Kisiwa kimoja kimetoa Aniceti Kitereza, kimetoa Euphrase Kezilahabi, kimetoa Gabriel Ruhumbika. Mikoa mingine ingefurahi kupata mmoja. Mume wangu alizaliwa katikati ya fahari yote hiyo na anachojua ni kwamba sato wa kwao ni mtamu.

Nikachagua Kitereza. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikakaa miongo bila mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Ina zaidi ya kurasa 600, na nakala niliyoipata ilikuwa ya kuazima kwa jirani yetu, mhadhiri mstaafu, aliyenikabidhi kwa mikono miwili na maneno machache: "Hiki kikipotea, hameni mtaa." Nikachomeka na Rosa Mistika ya Kezilahabi kama akiba. Hiyo haikudumu. Wifi yangu, mwalimu, alipoiona akakumbuka kuwa iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, akaichukua ili aikague, na ukaguzi ukaendelea hadi siku tunaondoka.

Kwa wakwe mtu hasomi peke yake. Ukikaa pembeni kimya na kitabu, kwanza utaulizwa kama unaumwa, halafu utaulizwa nani kakuudhi, na mwisho utaletewa uji. Nilipoona uji unakuja nikaamua kusoma kwa sauti. Mama mkwe alikuwa anachambua dagaa, akasema endelea mwanangu, nasikia. Baba mkwe, ambaye hukaa mbali kidogo na mkamwana kwa heshima, alihamisha kiti chake hadi nyuma ya pembe ya nyumba na kujifanya anashona wavu. Tukawa tunamwona goti tu.

Kisa chenyewe, kwa ufupi: Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawajapata mtoto. Ndugu za mume wanaanza kutoa maneno, wazazi wa mke wanachoka kusimangwa, wanakuja kumchukua binti yao. Mume inabidi aende ukweni kujieleza, na kumpata mkewe kunamgharimu pombe ya ndizi ya kutosha. Kitereza hana haraka. Kila salamu anaieleza, kila mlo, kila namna ya kukaribisha mgeni. Nikiwa Dar kurasa hizo zilinishinda. Pale barazani ndizo zilizopendwa kuliko zote, kwa sababu kila mmoja alikuwa na la kupinga.

"Hapo kakosea," ikatoka sauti nyuma ya pembe, tulipofika kwenye pombe. "Ndizi hazifanywi hivyo."

"Baba, ni kitabu," mume wangu akasema.

"Kitabu hakijui ndizi?"

Jirani akaja kusuluhisha, akaunga mkono kitabu, wakabishana kuhusu siku za kuivisha ndizi hadi dagaa wakapoa. Jioni ya pili baraza lilijaa. Kila aliyepita alikuwa na undugu na Kitereza, na bibi mmoja alikuwa na undugu na Bugonoka, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba Bugonoka ni wa kutungwa. Mama mkwe alikuwa amechukua upande tangu mwanzo. Nilipofika pale wazazi wanapomwondoa binti yao, alitua ungo chini akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Sasa wewe jifanye una maneno."

Mume wangu alicheka. Angenyamaza ingekuwa heri, maana kicheko chake kiliamsha goti.

"Huyu wa kitabuni," baba mkwe akasema taratibu kutoka alikokuwa, "pombe aliyotakiwa ukweni aliipeleka. Wewe yule mbuzi wa mjomba wa mkeo ulimpeleka?"

Kimya kilichofuata nilikifurahia kuliko riwaya nzima. Mahari yangu ilikwisha kulipwa, shughuli ikapita, watoto wakazaliwa, lakini mbuzi wa mjomba aliahidiwa tu. Kwetu Muheza jambo hilo halisemwi, linahifadhiwa. Mume wangu akajaribu kueleza kwamba mambo hayo ni ya kizamani. Jirani akamwuliza kama Myombekere ni wa kizamani mbona kalipa. Hoja ikapita bila kupingwa. Asubuhi yake, mbele ya baba, mama, wifi mwenye Rosa Mistika kwapani na yule bibi ndugu yake Bugonoka, mume wangu akapiga simu Muheza akiwa ameweka spika, kwa agizo.

Mjomba alipokea kwa furaha sana. Alimwulizia kila mtu, akaulizia mvua, akaulizia samaki. Ndipo akaja kwenye mbuzi.

"Nashukuru umemkumbuka, mwanangu. Sasa hebu tusaidiane hesabu. Angekuja mwaka ule, hadi leo angekuwa kazaa wangapi?"

Baba mkwe akasema kwa sauti, kutoka nyuma ya pembe, kwamba mbuzi wa kawaida huzaa hata mapacha.

Kitabu kimebaki Ukerewe. Sikukiacha, kilizuiwa. Mama mkwe alisema hawezi kuniruhusu nikiondoe kabla hajajua Bulihwali, binti wa Bugonoka, ameolewa na watu wa namna gani, na wifi ndiye anayemsomea sasa, kurasa chache kila jioni, huku goti likisahihisha. Mhadhiri nimemweleza kwamba kitabu chake kiko salama, kinatumika kwa utafiti wa nyanjani. Ameniuliza utafiti utakwisha lini. Nimemwambia hilo linategemea mvua na dagaa.

Likizo ijayo tunakwenda Muheza, kumaliza suala la mbuzi na kizazi chake, ambacho kwa hesabu za mjomba kimeshakuwa zizi. Na juzi, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, mume wangu ameniomba kitabu. Alikuja jikoni, akazungukazunguka kama anatafuta chumvi, kisha akauliza kama kuna riwaya yoyote ambayo mjomba wa mke anasamehe deni.

Nikamwambia ajaribu kwa Shaaban Robert, Kusadikika, ila nchi hiyo iko angani.