Pongezi kwa Waheshimiwa Wagawaji wa Wastani

Kwa Waheshimiwa Mapromota wa Mbio za Spidwei, Uingereza.

YAH: SHUKRANI KWA KUWADHIBITI VIJANA WASIENDELEE HARAKA

Somo hapo juu lahusika.

Barua hii huenda ikaangukia mikononi mwa mtu ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe, kwa hiyo Waheshimiwa watavumilia maelezo machache. Spidwei ni mbio za pikipiki za cc 500 zisizo na breki, zenye gia moja, zinazokunywa methanoli badala ya petroli. Madereva wanne huzunguka uwanja mara nne, wakikata kona huku gurudumu la nyuma likiserereka pembeni na kumrushia matope aliye nyuma. Dakika moja na ushee, mambo yamekwisha. Mshindi anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho anapata kazi ya kufua nguo. Timu ina watu saba, mechi ina mbio 15. Hadi hapo hata mtoto wa chekechea anaelewa. Baada ya hapo inaingia kamati.

Kamati ni Waheshimiwa wenyewe, ambao pia ndio waendeshaji wa klabu. Kila msimu ukiisha hukutana kupanga kanuni za msimu unaofuata. Wahenga walikataza kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere, lakini wahenga hawakuwahi kuona jinsi kikao kinavyokwenda haraka hakimu na mshtakiwa wanapokuwa mtu mmoja.

Kazi bora kabisa iliyotoka kwenye vikao hivyo ni ukomo wa pointi. Tuseme kijana wa miaka 16 amekimbia mara tano jioni moja. Ameshinda mara moja, amekuwa wa pili mara mbili, wa tatu mara moja, na mara moja ameshika mkia. Jumla ni pointi 8. Katika mbio mojawapo alimaliza nyuma ya mwenzake wa timu moja huku wapinzani wakiwa nyuma yao, basi anaongezewa pointi 1 ya bonasi: 9. Gawa kwa 5, zidisha kwa 4, jibu ni 7.2. Hesabu hiyo hiyo ikifanywa kwa mbio zake zote, ndiyo inayozaa wastani wake, namba atakayotembea nayo kama kitambulisho. Klabu ikisajili kikosi kipya, wastani wa watu wake wote ukijumlishwa usizidi kiwango ambacho Waheshimiwa wametangaza.

Nia ya kanuni hiyo haina ubaya. Bila kizuizi, mwenye fedha angekusanya mafundi wote, na mechi za 60 kwa 30 hazimtoi mtu nyumbani kwake usiku wa baridi ya Kiingereza kwenda kulipa kiingilio. Ubingwa usiotabirika ni biashara nzuri, na kwa ligi za juu, ambako madereva wananunuliwa wakiwa wameiva tayari, hoja hiyo inasimama.

Uhodari wa Waheshimiwa unaonekana pale walipoichukua kanuni hiyo ya kuwabana matajiri wakaishusha hadi ligi ya tatu, wanakojifunzia watoto. Ligi hiyo, tangu 2021, imebeba neno "maendeleo" kwenye jina lake rasmi.

Tuseme yule kijana aliingia na wastani wa 3 na sasa ana 7.2. Kocha amekesha naye akimrekebisha namna ya kuachia klachi. Baba yake amefungua injini gereji hadi vidole vimepasuka. Wote hao wamefanikiwa kuitia klabu deni la pointi 4.2. Vijana watatu wakiendelea hivyo, deni ni 12.6, na mmoja wao, au mwenzao asiye na kosa, itabidi atafutiwe timu nyingine. Klabu ya jirani, ambayo vijana wake walimaliza msimu wakiwa na 3 zao kama walivyokuja, inaingia sokoni mikono mitupu na nafasi tele. Haikufundisha kitu, kwa hiyo haidaiwi kitu.

Mpango huu unastahili kupelekwa wizara za elimu duniani kote. Shule iliyofaulisha darasa zima iamriwe kugawa nusu ya wanafunzi kwa shule iliyofelisha, na mwalimu wa hesabu apewe barua ya onyo.

Waheshimiwa watajibu kwamba nafuu zimekuwapo. Ni kweli, kuna misimu ambayo madereva wa Kiingereza walipunguziwa wastani. Mwaka 2014 ligi ya juu iliweka madereva wawili wa akiba wazawa katika kila timu kwa njia ya mgao, na mwaka 2021 kila timu ya ligi hiyo ilitengewa nafasi ya chipukizi mmoja. Hizo ni kanuni nzuri, na zote ziko juu ya ngazi. Chini, ambako ngazi inaanzia, kwa miaka mingi nafasi za kujifunzia ziligawanywa pia kwa wanaume waliovuka miaka 30, hata 40. Chipukizi mwenye mvi ni uvumbuzi ambao wakulima bado hawajaufikia.

Tena kuna suala la madereva wa akiba. Kwa kawaida wenye wastani mdogo ndio huvaa namba 6 na 7, na mbio ya pili ya kila mechi ni yao. Hiyo ndiyo mbio ambayo mtoto anakutana na saizi yake. Lakini orodha ya wastani hutengenezwa upya katikati ya msimu, na dereva mkali aliyekuwa na kipindi kibaya huporomoka hadi akiba, anaanza kukimbia na watoto, anaokota pointi kama embe chini ya mti, na klabu yake inafurahia bahati hiyo kuliko usajili wowote. Mtoto naye anarudi kusikilizia matope.

Dereva akiumia, kanuni inaruhusu kuazima wa timu nyingine kwa mechi hiyo. Huku kwetu mashindano ya shule yanavunjika kwa jambo hilo, na anayeazimwa anaitwa mamluki. Kwa Waheshimiwa ni mgeni rasmi, na mara nyingi kijana wa mazoezi wa klabu hiyo hiyo yuko jukwaani amevaa jaketi, anamtazama mgeni akikimbia zamu ambayo ingemfaa yeye.

Inatia aibu kidogo kwamba licha ya juhudi zote hizi baadhi ya vijana wamepenya. Tai Woffinden alianzia ligi ya tatu akiwa na Scunthorpe mwaka 2006, timu ikatwaa ubingwa, naye akaenda kuwa bingwa wa dunia 2013, 2015 na 2018. Dan Bewley alitokea timu ya vijana ya Belle Vue, mabingwa wa ligi hiyo 2017. Miaka mitano baadaye alishinda Grand Prix ya Cardiff, jambo ambalo Mwingereza hakuwa amelifanya tangu Chris Harris mwaka 2007. Mwaka 2021, mjini Manchester, Bewley na Robert Lambert waliipa Uingereza ubingwa wa dunia wa timu uliokuwa umesubiriwa tangu 1989. Kwenye sherehe hizo hakuna aliyelalamika kwamba wastani wao umepanda mno.

Poland nao waliwahi kuweka ukomo wa namna hii kwenye ligi yao ya juu, wakauacha. Walichokibakiza ni sharti kwamba kila timu iwe na vijana wazawa wasiozidi miaka 21, na mbio ya pili ni ya vijana kwelikweli. Klabu isiyolea inaumbuka hadharani kila wiki, dakika tano baada ya mechi kuanza. Bartosz Zmarzlik alilelewa Gorzów chini ya utaratibu huo, na amekuwa bingwa wa dunia mara kadhaa kuanzia 2019.

Ombi lenyewe ni dogo. Katika ligi ya tatu, kijana aliyelelewa na klabu ahesabiwe kwa misimu miwili kwa wastani aliouanza nao, mradi abaki pale pale. Akihama, abebe wastani wake kamili, ili anayemtaka alipie malezi. Namba 6 na 7 zigawiwe kwa umri, na dereva mtu mzima aliyechoka atafutiwe nafasi nyingine. Klabu za Wolverhampton na Peterborough zilimaliza mbio zao 2023 kwa kukosa viwanja. Viwanja vinavyobaki havitajaa kwa watazamaji wa kuja kuangalia mgeni rasmi.

Wenu katika ujenzi wa wastani,

Mpenzi wa Mchezo.

Nakala:
Mzazi aliyeuza gari kununua injini ya pili (kwa taarifa).
Kocha aliyefundisha kupita kiasi (ajieleze kwa maandishi).
Chipukizi mwenye mvi (kwa utekelezaji).