Bwana mwenye koti la manyoya

Oktoba, hapa Likasi, hata mbuzi hulala chini ya malori. Sasa niko nganda, baa moja ya mtaa wa Kikula, michopo mkononi, nakodolea macho runinga: bwana mmoja ameketi kando ya bwawa la kuogelea, amevaa koti la manyoya. Manyoya! Wanawake sita wanamzunguka, nguo zao zote ukizishona pamoja hupati leso ya kumfuta jasho. Wimbo mzima hakuinuka. Alihesabu dola, akanyoosha kidole, akarusha mabanga ya matajiri waliomlipa awataje majina. Wale sita wana meno mazuri, maana kazi yao ilikuwa kucheka tu. Neno, hakuna hata moja.

Nikafoka: wakubwa wako wapi? Kinshasa tuna tume ya kudhibiti nyimbo tangu 1996. Lakini Novemba 2021 ilipokunja ngumi, ilimpiga nani? “Nini Tosali Te” ya kundi la MPR, wimbo wa kulalamikia utawala, kiuno mle hukioni. Kesho yake wakauachia. Mwanamuziki Franco mwenyewe alilala gerezani mwaka 1978 kwa “Hélène” na “Jackie”, eti matusi. Tanzania nao, 2018, BASATA, baraza lao la sanaa, wakaifungia “Mwanza” ya Rayvanny na Diamond. Basi matusi yanafungiwa, viuno vinafungiwa, siasa ndiyo usiseme. Kile kiti cha yule bwana, je? Sijasikia tume iliyokifungia.

Nyumbani niliendelea na hotuba. Mke wangu alikuwa anapepea babula, makala mabichi, moshi tele. Binti yangu mkubwa aliingia na bidoni ya maji kichwani, wa pili akaniletea beseni ninawe mikono, wa tatu anafagia. Mimi nikazidi kupaza sauti: huyu mwanaume wa video hana haya, amekaa kama chifu, wanawake wanazunguka kama pangaboi!

“Papa, inua miguu,” akasema yule wa ufagio.

Nikainua, nikaendelea.

“Papa,” akasema tena, “weye uko sawa ule wa mu televizio. Unaikala tu, siye bote tunakuzunguluka. Inabakia paka kukutupia libanga.”

Mkubwa akacheka mpaka maji yakamwagika. Nikatazama nilichovaa: koti la kanisani, sijalivua tangu asubuhi. Si manyoya, lakini ni koti.

Nikasimama kwa hasira, nionyeshe kwamba mimi si wa video. Nitafagia mwenyewe! Binti akaniweka ufagio mkononi haraka, kama mtu aliyengoja miaka. Nikafagia hadi mlangoni, nikakwama. Kizoleo? Nikatafuta jikoni, chini ya meza, nyuma ya mapipa. Nyumba hii niliijenga kwa mikono yangu, tofali kwa tofali.

“Mama,” nikaita, “kizoleo munawekaka wapi?”

Mke wangu hata hakugeuka kwenye babula.

“Nyuma ya kiti yako, papa.”