Hotuba ya Elimu ya Juu, Juu Kabisa

Akina mama wa dagaa, ndugu wavuvi, vijana wa bodaboda mliozima pikipiki kwa heshima yangu (au kwa kuishiwa mafuta), karibuni ufukweni Liuli, chuo kikuu cha mawingu. Mkuu wa chuo ni mimi, mhadhiri ni mimi, na mwanafunzi bora wa miaka yote mnamwona hapa amesimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

Kabla yangu alikuwepo mmoja tu. Mwaka 1802 mtengeneza dawa wa London, Luke Howard, aliyapa mawingu majina ya Kilatini: kumulasi, la mafungu kama pamba iliyochambuliwa, stratasi, lililotandazwa kama shuka, sirasi, la juu kabisa, nyuzinyuzi kama mvi za babu. Namsamehe. Laiti angejua Kiswahili, angesema mavundevunde akarudi kwenye dawa zake mapema.

Sasa tegeni masikio. Jua likiwaka, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya ziwani hujongea huku, hupanda milima ya Umatengo nyuma yetu, na kadiri inavyopanda inapoa, mvuke wake ukawa vitone. Ndiyo sababu saa tisa alasiri Wamatengo wamefunikwa blanketi jeupe kwenye kahawa yao, na sisi hapa chini tunakaangwa. Usiku upepo hugeuka, ukashuka ziwani. Kumulasi moja ya kilomita moja kila upande hubeba kama tani 500 za maji. Kwa hiyo wanaoniita mvivu wanikutapo nimelala chali mchangani wajue kwamba nasimamia tani 500, peke yangu, bila posho.

Upigaji picha. Wengi wenu mkipiga anga linatoka jeupe pee, kama kanzu ya Idi. Gusa kioo cha simu hapo wingu linapong'aa zaidi, kisha punguza mwanga. Tanguliza miwani ya jua mbele ya kamera, ile inayokata mng'ao, siyo ya mnadani, na jua liwe ubavuni mwako: buluu itakolea, wingu litachomoza. Halafu weka kitu cha chini ili mtazamaji ajue ukubwa. Sisi tumejaliwa jiwe la Pomonda, limejiinua majini kama mnyama aliyejilaza. Wajerumani walipoliona wakaiita bandari hii Sphinxhafen. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, mara Gwendolen ya Waingereza ikaifyatulia mzinga. Kapteni wa meli ya Wajerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Akapanda mashua, akaenda kumfokea Rhoades, kapteni wa Gwendolen na swahiba wake wa kunywa naye, akimwuliza kama amelewa. Akachukuliwa mateka. Mnaniuliza hayo yanayahusuje mawingu? Yanahusu moshi. Moshi wa mzinga, kwa kanuni za chuo changu, si wingu, na picha yake sipokei.

Nifike kwenye ugunduzi wangu. Mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliingiza katika Atlasi ya Mawingu umbo jipya, asperitasi, lenye mawimbi kama ziwa lililopinduliwa, baada ya watazamaji wa kawaida tu kupeleka picha zao. Watu wa kawaida! Nikajisemea, je, mimi? Siku moja asubuhi nikaona upande wa Malawi nguzo nyeusi ikipanda kutoka majini, imepinda kwa juu, inakuja. Haimo kwa Howard. Haimo kwenye Atlasi. Nikapiga picha 63, nikaipa jina langu, na kwa kuwa dalili ya mvua ni mawingu nikawaamuru akina mama waanue dagaa.

Hakuna aliyenyanyuka. Mmoja alifunika sufuria yake tu, akasema, "Mwalimu, hiyo ni kungu. Funga mdomo."

Nilidhani ananitukana. Nikaufungua ili nimjibu.

Ni wadudu, mabibi na mabwana. Mabuu yao hukaa kilindini mchana, usiku hupanda kula vijidudu vya majini; wakishakomaa wanatoka mamilioni kwa pamoja, wanaruka, wanakufa. Hawaumi. Livingstone mwenyewe, mwaka 1861, alidhani ni moshi wa nyasi zinazochomwa ng'ambo, mpaka kesho yake alipopita katikati yao kwa mashua. Wenyeji wakamwonjesha andazi lao zito. Akalifananisha na nzige wa chumvi. Na jina aliloambiwa lilikuwa lilelile, lenye maana ya ukungu. Yaani wingu langu lilikuwa na jina kabla hata babu yangu hajazaliwa, na lilikuwa chakula. Mimi nililionja bichi. Picha zile 63 bado ninazo. Katika ile ya mwisho kuna kidole changu.

Nisikatishwe. Kipengele cha pili ni cha mawingu ya jioni, jua likizama nyuma ya Malawi na... Mbona mama anafunika sufuria? Mama, nimeshaeleza kwamba leo anga ni safi, ile nguzo pale ni ptu! Ptu!