Muulize Mzee Utingo: Peke Yangu Hadi Engaresero

Barua za wiki hii zote zinanuka vumbi la njia moja. Likizo ya Juni imekaribia, na kila mwenye gari na moyo uliovunjika ameamua kwenda Engaresero, kijiji cha Ziwa Natron, bila mtu. Haya. Mimi njia hiyo nimeila juu ya magunia ya unga, nikiwa utingo, kabla wengi wenu hamjapata leseni. Ulizeni.

*Shikamoo mzee. Mchumba ameniacha, na michango ya harusi ilishaanza kuingia. Nataka niendeshe peke yangu kutoka Dar hadi Engaresero nikatulize akili. Nina RAV4. Nibebe nini?*
Kijana wa Mbezi

Marahaba mwanangu, na pole. Kwanza rudisha michango, maana kamati ya harusi itakufuata hata Loliondo.

Sasa gari. Lami utaagana nayo Mto wa Mbu. Kutoka hapo, kwa kupitia Selela na Engaruka, ni kama kilomita 120, na usizipigie hesabu za barabara ya Morogoro. Ondoka asubuhi. Kuna mawe meusi yenye ncha, kuna makorongo, na kuna jivu la mlima, laini, linalojifanya ardhi mpaka gurudumu liingie. Kiangazi RAV4 inafika, dereva akiwa na adabu. Beba spea mbili. Kabla hujatoka nyumbani, inua gari kwa jeki yako mwenyewe na ujaribu spana kwenye nati za magurudumu. Nimeona watu wameduwaa jangwani na jeki mpya kabisa, bado ina nailoni yake, na spana ya gari la shemeji.

Ukiingia kwenye jivu, punguza upepo wa matairi na uache kukanyaga mafuta kwa hasira. Hasira zako za mchumba zisiende kwenye pedali, zitakuzamisha mpaka kwenye ekseli. Jaza tanki Mto wa Mbu. Mafuta ya chupa njiani yapo, lakini yalichanganywa na nini, injini ndiyo itakayokuambia. Maji ya kunywa beba mengi kuliko unavyodhani yanatosha, kwani ziwa liko chini bondeni, kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na jua la huko halina msalie mtume.

Utakutana na vizuizi vya ushuru, vya halmashauri na vya vijiji. Usishuke na hotuba ya uzalendo. Toa kitambulisho, lipa kiwango cha mzawa, chukua risiti na uitunze, maana kizuizi cha mbele kitaiulizia.

Kuhusu kutuliza akili, sikuahidi kitu. Huko akili yote inakaa kwenye gurudumu la mbele kushoto. Mchumba utamkumbuka ukifika, ukishaoga.

*Mzee Utingo, nilikwenda peke yangu ili niwe peke yangu. Nimesimama kupiga picha Mlima Lengai, kugeuka nakuta kina mama watatu, gunia na mbuzi wamekwisha kukaa kiti cha nyuma. Hii ni haki?*
Mwenye Hasira, Njiro

Binti yangu, ulikuwa na viti vinne vitupu kwenye njia ambayo gari likishapita asubuhi, lingine utalisubiri na kulisubiri. Ulitaka wakae juani mpaka Mungu ashuke mlimani?

Halafu hujanieleza kilichofuata. Nitakueleza mimi. Mlipofika kwenye korongo, ramani ya simu ilisema nyoosha. Mama wa katikati akapitisha mkono begani kwako, bangili zikalia, kidole kikaonyesha kushoto. Ukafuata kidole, ukavuka. Ile ya kunyoosha ilikatwa na mvua za masika, na simu yako haijapata habari. Mtu analipia huduma hiyo, wewe umepewa kwa nauli ya mbuzi.

Na kama abiria watatu ni wengi, mwaka 2011 ungezimia. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kijijini Samunge, huko Loliondo, kwa shilingi 500, na njia hii hii ikaona Noah, daladala, malori na teksi za mjini ambazo hazijawahi kukanyaga changarawe. Foleni ilipimwa kwa kilomita. Watu walilala garini, walipika kandokando ya barabara, na wagonjwa wengine hawakufika. Mzee Mwasapila alifariki Julai 2021. Huko juu, kipande cha Wasso hadi Sale, kilomita 49, kimepata lami. Huku bondeni vumbi ni lile lile, kwa hiyo msogezee mbuzi naye akae.

*Shikamoo mzee. Mume wangu ananiaga kwamba anakwenda peke yake kupanda mlima, na kwamba unapandwa usiku wa manane. Mlima gani unapandwa saa sita ya usiku? Nahisi mlima huo una jina la mtu.*
Asiyelala, Tabata

Marahaba. Jina linalo, Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai, ambao huuendea kwa maombi. Na safari hii, mama, mumeo anasema kweli. Una urefu wa mita 2,962, hauna mti wa kivuli wala tone la maji, kwa hiyo watu huanza usiku ili wakutane na alfajiri juu, jua lisiwakute ubavuni.

Uongo uko kwenye "peke yake". Hapandi bila kijana wa kijijini wa kumwongoza, na akijaribu, mwambie mlima huu uko hai. Mwaka 2007 ulilipuka na kutupa majivu, ukaendelea hadi 2008. Ndio mlima pekee duniani unaojulikana kutoa uji wa moto wa aina ya magadi. Volkano nyingine hutoa uji wa nyuzi elfu moja na zaidi, mwekundu. Wa Lengai una nyuzi 500 hadi 600 tu na mchana huonekana mweusi, unatiririka, utadhani mtu kamwaga oili chafu. Ukipoa na kupata unyevu, unageuka mweupe.

Ushahidi utaupata kwenye nguo. Mteremko ule ni mkali, na wengi hushuka kwa makalio. Akirudi suruali imechanika nyuma, viatu vimejaa jivu na magoti hayakunji, mkande. Akirudi amenyoosha pasi, niandikie tena.

*Mzee, nataka kuwa wa kwanza kuacha nyayo zangu sehemu ambayo binadamu hajafika. Engaresero inafaa?*
Mvumbuzi, Dodoma

Umechelewa. Pale karibu na ziwa kuna nyayo za watu zaidi ya 400 kwenye tope la jivu lililokauka, na wataalamu wanasema zina umri kati ya miaka 5,760 na 19,100. Kundi moja walikuwa 17, wakitembea kwa mwendo mmoja kuelekea kusini-magharibi, na kwa vipimo vya miguu inaonekana 14 walikuwa wanawake. Labda walikuwa wakichuma chakula. Wengine sita walikuwa wakielekea upande wa pili, mwendo haufanani, kila mtu na lwake. Hao sita ndio ukoo wako. Vua viatu unapoambiwa, na usiweke mguu wako ndani ya mguu wa mtu.

*Nimesikia Ziwa Natron hugeuza ndege kuwa jiwe. Naweza kuogelea?*
Mpenda Picha, Unguja

Hapana. Picha ulizoziona ni za Nick Brandt, zilizotoka 2013. Aliokota ndege waliokwisha kufa, wamekauka kwa magadi, akawasimamisha kama walio hai. Walio hai wanapendelea hapo hapo. Inakadiriwa robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa kwenye ziwa hili, kwa sababu fisi hawezi kuvuka tope lile kuwafuata. Wewe na gari lako pia hamwezi. Ukiona ukoko mweupe umekauka vizuri, huo ndio unaomeza Land Cruiser. Kuoga, nenda maporomoko ya mto Engare Sero.

*Mzee nimekwama katikati ya korongo sasa hivi mtandao unakatika anga jeupe kabisa nifanyeje haraka*
Hakuweka jina

Anga jeupe lisikudanganye, mvua ikinyesha huko juu Ngorongoro maji yanakuja kwako bila kubisha hodi. Acha gari, chukua maji ya kunywa, panda ukingoni, subiri wenye ng'ombe. Ujumbe wako uliingia Jumanne. Gazeti linatoka Jumamosi.